Maji ya Msijute Yakiiva

Maji yakianza kuwa mekundu kule Msijute
mama husema, "Yameiva,"
kama anayesema ndizi.
Huvua kandambili, huingia bwawani na reki,
nyufa za visigino zikimsema kila hatua.

Wekundu ule una wenyewe.
Nimewaona Ligula, zamu ya usiku,
tone moja la bwawa lake chini ya hadubini:
vijiti, vijiti, vinatetema
mahali ambapo kiluwiluwi cha mbu
hukauka kama uzi.

Ndio hao wanaomharibia ng'onda.
Huwakwangua kwa kisu, huanika upya,
siku ya nne wamerudi na rangi yao ya waridi.
"Hawa," husema, "hawana aibu."

Jana nikamweleza.
Kwamba jamaa zao walifungwa nje ya chombo,
juu, kupita mawingu, kupita hewa yenyewe,
jua likiwachoma bila pazia,
kisha kivuli, na baridi
ambayo Kimakonde hakina jina lake.
Wiki mbili.
Waliporudishwa, wakatiwa maji ya chumvi.
Wengi walishakufa.
Wachache wakaamka, wakaendelea
kama mtu aliyekatizwa maneno.

Mama alikuwa anamenya ming'oko, bado ya moto.
"Walikula nini huko?"
Hawakula.
"Sasa walifanya nini?"
Walilala, mama. Chumvi ikiganda
husahau tone la maji ndani ya punje,
kijumba kisicho na mlango.
Walijikunja humo, wakaacha kila kitu
isipokuwa kuwepo.

Akacheka, akajipuliza vidole.
"Mwaka ule korosho zilipokosa bei,
Februari, Machi, mimi na nyinyi watano,
tulilala hivyohivyo.
Sikumwona mtaalamu aliyekuja kutupima."

Sikuwa na jibu.
Nikatazama sufuria: mizizi hii, myembamba,
tuliyoichimba porini siku zile
kwa kufuata kijikamba kimoja kilichonyauka,
ambacho mpita njia angeapa
hakina kitu chini.

Akachota punje moja ya chumvi, kubwa, ya mawe,
akaiinua kwenye mwanga wa tochi ya simu.
"Humu wamo?"
Huenda.
Akaigonga kwa ukucha.
"Hodi," akasema.

Tukangoja kidogo, kweli tukangoja,
kabla hajaidondosha kwenye maharage.