Jinsi ya Kuanguka

Ngazi kumi na tisa, juu ya bucha lililofungwa,
na ukivuta pumzi vizuri bado ulinusa mafuta ya kondoo
chini ya harufu ya mikeka na miguu.
Port Talbot, mvua ya kupigia ubavuni,
moshi wa kiwanda cha chuma umejilaza mapaani
kama paka asiye na mwenyewe.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita na jicho moja la zambarau.
Nikamwambia: nifundishe kupiga.

Glenys Prosser alinitazama miguu, si jicho.
"Utaanza na kuanguka," akasema,
akanionyesha mahali pa kuweka viatu.

Miezi mitatu!
Kwa mgongo, kwa bega, kwa ubavu,
kidevu kifuani, kiganja kikiuchapa mkeka
kana kwamba unaidai sakafu deni la zamani.
Nilianguka pamoja na Idris fundi vitasa,
na muuguzi wa zamu ya usiku aliyesinzia akiwa hewani,
na Nerys, miaka kumi na mmoja, meno ya waya,
aliyenibwaga kila Alhamisi na hakuomba radhi hata mara moja.

Ada ilikuwa pauni mbili. Asiye nazo alifagia.
Mimi nilifagia majira ya baridi yote.

Yeye mwenyewe alijifunzia klabuni kwa wafua chuma,
enzi ambazo wanaume waliinamiana wao kwa wao
na yeye wakampa birika.
Akachemsha chai mwaka mzima, akiwatazama viuno.
"Mkono ni mwongo," alituambia, "na macho ni waongo zaidi.
Kiuno hakijafundishwa kudanganya."
Mwaka wa pili alimwangusha mweka hazina wa klabu,
kilo mia na tano, kikombe kikiwa bado mkononi
(mkononi mwa mweka hazina; ndiyo sehemu aliyoipenda).
Medali zake zilikaa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na plasta.

Lakini kazi ngumu kwetu haikuwa mieleka.
Ilikuwa neno moja. *Hapana.*
Alitupanga ukutani, wanawake kumi na wanne,
tuliseme kutoka tumboni.
"Mmelimeza tangu utotoni. Litemeni."
Langu lilitoka wiki ya tisa, jembamba,
kama birika lililofikiria kuchemka kisha likaghairi.
Hakunipongeza. Alifungua dirisha.
"Tena. Asikie yule wa upande wa pili wa barabara."

Tulimwomba kisa. Lazima kulikuwa na kisa:
usiku, kichochoro, jambazi, mfupa uliolia.
Akakuna goti lake la chuma.
Ndiyo, mara moja, kituo cha basi, kijana mwenye kisu,
mikono yake ikitetemeka kuliko yangu.
"Ukafanyaje?"
"Nikampa pochi. Nikakimbia."
Kimya.
Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema;
jioni ile kilifika kwake, akakiandalia mkate na jibini,
akalala kitandani mwake, mzima.
Idris alinung'unika wiki nzima. Alitaka mfupa.

Januari hii, na miaka yake sabini na mitatu,
aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la dawa.
Nilikuwa ng'ambo ya barabara na sikuwahi kufika.
Niliona kidevu kikienda kifuani,
mgongo ukijikunja kama jani linalokubali,
kiganja, *pa!*, juu ya lami.
Watu walikuja mbio. Alikuwa chali, anacheka,
mvua ikimwingia kinywani.
"Miaka arobaini na minane," aliniambia, "nilikuwa nikiisubiri hii moja."

Hakuna kilichovunjika
isipokuwa mayai sita, ambayo kesho yake
alirudi nayo dukani, kwenye boksi linalodondoka,
akadai fedha zake.
Muuzaji akasema hapana.
"Kutoka tumboni, mwanangu," akamwambia. "Tena."