Viatu vya Magongo

Kwenye droo ya chini, ile inayogoma mvua ikinyesha,
kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa raba
zilizolika upande mmoja.
Mgeni angedhani ni vipuri vya baiskeli.
Wakili Milembe Ntuzu aliziita viatu:
"Masalu, magongo yangu yanatembea peku,
shuka Makoroboi ukanitafutie jozi."
Jozi ikiisha hakuitupa.
Aliandika juu yake, kwa wino mweupe,
jina la kesi iliyoila.

Miaka ishirini na sita, jozi arobaini na moja.
Leo tunahama ofisi. Badala ya kufunga mafaili
nimekaa sakafuni nasoma raba.

BUHORO. Mkata minofu ya sangara kule Igogo,
kiziwi tangu surua ya utotoni.
Walimwachisha kwa sababu moja: hasikii king'ora.
Wakili akamuuliza meneja, taratibu,
kama mtu anayeuliza bei ya furu:
"Kiwandani mna taa ngapi?"
Mia mbili na ushee.
"Na taa moja nyekundu, ya kuwaka na kuzima,
juu ya meza ya huyu bwana, ingewagharimu nini?"
Meneja akatazama viatu vyake mwenyewe.
Mishahara ya miezi kumi na miwili.
Buhoro hakurudi kiwandani. Alinunua friza,
anauza barafu Kirumba, na mlangoni pake
kuna swichi; ukiibonyeza
taa nyekundu inamwita.

NYANZOBE. Hii imeandikwa kulia na kushoto.
Mashine ilichukua mkono, kampuni ikachukua kazi,
na zile siku thelathini za kufungua shauri
zilimkuta Bugando, wodini, hajui hata tarehe.
Tuliomba tuongezewe muda.
Tulikataliwa kwa ukurasa mmoja na nusu.
Jioni ile wakili hakunituma chai.
Alikisoma kifungu cha saba kwa sauti, peke yake,
kile kinachokataza ubaguzi kazini,
mara ya kwanza kama sheria,
mara ya pili kama mtu anayedai deni.

Kuna mwaka baraza lilihamia ghorofa ya tatu.
Lifti ilikuwa tundu lililozibwa kwa mbao.
Ngazi hamsini na mbili: mimi na mafaili mbele,
yeye nyuma, gongo, mguu, gongo,
makwapa yake yamejaa sugu kama viganja vya mvuta nyavu.
Kumbeba hakutaka.
"Ukinibeba leo, kesho wataandika kwenye mwenendo
kwamba wakili aliletwa."
Siku bega lilipogoma akakaa ngazi ya tatu,
akanipa kikaratasi nikipeleke juu:
Mlalamikaji yupo. Wakili wake yupo.
Njia ndiyo haijafika.

Mwamuzi alishuka, jalada kwapani,
akakaa kwenye benchi la mlinzi.
Wakili wa mwajiri hakuona pa kuweka kompyuta,
akaipakata kama mtoto wa kuazima.
Muuza sambusa akatua ndoo, akasikiliza.
Kesi ikaahirishwa, kama kawaida.
Lakini iliahirishwa chini.

Raba moja haina jina.
Ni kuukuu kuliko zote, imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Nikamwonyesha. Aligeukia dirisha,
mawe ya Mabatini yalikuwa yameloa,
ziwa halionekani kwa mvua.
"Hiyo ni ya usaili wangu wa kwanza, barabara ya Kenyatta.
Bwana mkubwa aliniuliza, kwa upole kabisa,
nitapandaje kesi ikiwa ngazi zake zimenishinda.
Wote mezani wakacheka. Nami nikacheka, Masalu.
Nilicheka nao."
Akakaa kimya kidogo.
"Siku hiyo sikuwa na wakili."

Nikafunga kopo.
Akasema nisiandike 'takataka' wala 'kumbukumbu' juu ya boksi,
niandike VIELELEZO.
Halafu akauliza kama hilo lori tulilokodi
lina pa kupandia.