Uniti Kumi na Moja

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, Kutaisi,
mtaa wa juu, ng'ambo ya Mto Rioni,
milango mia mbili na arobaini kwa mwezi.
Napiga hodi, navua kofia, naingia jikoni,
nainama chini ya sinki, tochi mdomoni.
Dakika tatu. Tarakimu tano. Kwaheri.

Wakisikia naandika hadithi, watu huniuliza:
unazichota wapi? Wanadhani nina kisima.
Nina sinki.

Hakuna anayepamba chini ya sinki.
Sebuleni utaona picha ya harusi, bilauri za kioo;
huku chini kuna mvinyo uliofichwa nyuma ya sabuni,
viatu vya mtoto wa nyumba ambaye sasa ana mvi,
na kwa mwalimu Ambrosi, mstaafu wa hisabati,
barua zilizofungwa kwa kamba ya gunia la viazi,
zimelowa, hata moja haijafunguliwa.
Sikuuliza. Nilisoma: sifuri, sifuri, nne, moja, nane.
Ngazini nikaandika kiganjani: barua, viazi.
Kiganja kikatoka jasho, nikafika nyumbani na viazi tu.
Hadithi ile bado inanidai.

Lisemwalo lipo, watu husema.
Mimi naongeza: lipimwalo lipo zaidi.

Bibi Tsiala, ghorofa ya nne, hakuna lifti,
mjane, uniti tatu kila mwezi, miaka sita,
tatu kama mafiga.
Februari mita ikasema kumi na moja.
Nikaifuta kioo kwa pindo la shati, nikasoma tena.
"Una mgeni, bibi?"
"Mgeni gani, Gocha? Niko peke yangu,"
akasimama mbele ya mlango wa chumba
kama mtu aliyesimama mbele ya mlango.
(Nimejaribu tashbihi nyingine. Hakuna iliyokaa.)

Usiku ule mke wangu Eteri alikoroma
nami niliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea,
kalamu ikikimbia: mwana aliyetoroka jeshini,
ndevu, bunduki imeviringishwa ndani ya zulia,
anaoga saa nane za usiku, bomba limefunguliwa kidogo
jirani asije akasikia. Kurasa kumi na tisa.
Nilimpa jina. Nilimpa kikohozi.
Nilimpa hata msichana huko Batumi.
Asubuhi nilitembea kama kuku aliyetaga,
nataka mtaa mzima ujue.

Machi, uniti kumi na mbili. Nikamwongezea ukurasa.
Aprili, nne.

Mlango ulikuwa wazi. Roshani ilianikwa mashuka
yaliyofuliwa hadi yakapauka.
"Dada yangu," alisema, sijauliza.
"Alitoka Zestaponi aje afie kwangu.
Hakutaka aonwe na mtu. Alikuwa mrembo, unajua,
hata mwishoni alitaka nywele zioshwe kila siku.
Kila siku, mwanangu. Na mgongo wenyewe ndio huu."
Akanionyesha vidole: vina mikunjo bado,
kana kwamba maji hayajakubali kumwacha.

Niliinama chini ya sinki, nikakaa huko
kuliko mita inavyohitaji.

Zile kurasa sikuzichana.
Mimi si mtakatifu, na karatasi ni ghali.
Yule mwana nilimnyang'anya bunduki, nikamnyoa ndevu,
nikamrudisha msichana wa Batumi kwao,
yakabaki maji,
na mtu anayeyamimina, jagi kwa jagi,
juu ya kichwa ambacho msomaji hakioni.
Sikioni hata mimi. Kila nikitaka kuandika "dada"
nakumbuka hakutaka aonwe,
kalamu inasimama mbele ya mlango.

Basi imelala hapo, nusu yangu, nusu ya Bibi Tsiala,
ndani ya kabati, chini ya sinki letu.
Eteri anaijua ilipo. Hasemi.

Kesho ni zamu ya mtaa wa chini.
Namba saba ina mita ambayo haijasogea tangu Krismasi,
na kila nikipiga hodi
mtu anapunguza sauti ya redio.