Zima Taa

Mimi sichori. Niseme hivyo mapema
asije mtu akanitafuta ukutani.
Jina langu liko kwenye hati za kupokelea makasha,
kwenye mkataba wa bima, ukurasa wa kumi na moja,
na kwenye mlango mdogo nyuma ya ngazi:
Nyangeta Mugeta, Mkuu wa Uendeshaji.
Humo mna funguo sitini na nne,
mtungi wa kuzimia moto unaongoja mkaguzi,
na daftari la unyevu.

Unyevu ni mke mwenzangu.
Jumba hili tumeolewa nalo sote wawili:
mimi mchana, yeye usiku kucha,
anapanda kutoka ziwani bila kupiga hodi
analala juu ya maturubai ya watu.

Msanifu alitujengea kuta za vioo, huku Kapripointi,
ili mgeni aone picha na maji kwa jicho moja.
Alisahau kwamba kioo hakina upande.
Ziwa nalo linatuona.

Usiku wa ufunguzi haukuwa na mwezi.
Luhende wa langoni, aliyevua miaka tisa Ukara
kabla hajavaa sare, aliniita kwenye redio:
"Mama, kuna moshi upande wa Saanane.
Moshi wenyewe hauna moto. Na unakuja."

Nikatoka. Nguzo nyeusi juu ya maji meusi:
wadudu wa ziwani, laki kwa laki,
waliozaliwa jioni ile, wasio na kesho kutwa.
Duniani wanataka kitu kimoja tu, taa,
nami nilikuwa nimewasha mia mbili na kumi.

Ndani, wageni mia tatu, glasi mkononi.
Turubai la Malimi, jeupe kama unga wa muhogo,
mita nne kwa tatu, rangi ya mafuta
haijakauka vizuri. Alilileta Jumanne.
Nilisaini nikijua.
Mwenyekiti wa bodi yuko katikati ya hotuba,
amefika kwenye "wadau".

Kanuni inasema hotuba haikatizwi.
Kanuni niliiandika mimi.
Nikabonyeza redio:
Zima taa.

"Zote?"

Zote. Washa za maegesho, zile kali,
na ya mnara wa maji. Wapewe wanachotaka,
lakini kule.

Giza likashuka kama mzigo uliokatwa kamba.
Mtu akacheka. Glasi ikavunjika.
Mwenyekiti akataja jina langu
kwa sauti ya kufukuzia mbwa jikoni.
Kisha tukaisikia, mvua isiyo na maji,
ikipapasa vioo, ikipapasa,
ikakata kona kuelekea maegesho.

Mtoto wa mtu akauliza:
"Sasa tunaangalia nini?"

Malimi, asiyependa kusema mbele za watu,
akajibu gizani. Si yale ya kwenye kibandiko.
Alisema ni dari la wodi, Bugando,
wiki sita amelala chali, umri miaka minane,
na weupe ule si rangi:
ni kitu alichokuwa akisubiri kisogee.

Nilikuwa nimelipima, nimelikatia bima,
nimelipandisha ukutani kwa watu sita.
Sikuwa nimeliona.

Asubuhi tulizoa kwa koleo, magunia kumi na manne.
Bituro wa usafi akaomba sita, kwa kuku wake wa Igoma;
nikamwandikia kibali cha kutolea mali,
maana kilichoingia jumbani kina karatasi yake.
Mwenyekiti anataka maelezo kwa maandishi.
Haya:

Taa zilizimwa dakika thelathini na nane.
Glasi, moja. Dizeli, lita kumi na mbili.
Unyevu saa nne usiku, sabini na moja kwa mia.
Mdudu mmoja alipita.
Yuko kona ya chini, kulia, mabawa wazi.
Nimemuuliza msanii kama tumtoe.
Bado anafikiri.
Faili sijalifunga.