Ndani ya Debe

Asubuhi ya Ogembo ina maji hata hewani.
Naisugua fimbo ya plastiki, haishiki kitu,
chaji inatoroka na unyevu kabla sijasema "tazameni".
Basi Bonareri, mtunza maabara, akaleta jiko la makaa,
tukalianika debe kama mahindi ya mbegu,
tukakausha fimbo, kitambaa, hata vidole vyetu,
na kidato cha pili wakanong'ona: leo fizikia inachomwa.

Debe lilikuwa la mafuta ya kupikia, limekatwa mdomo,
limeketi juu ya sahani ya plastiki.
Nikalitia chaji. Hakuna aliyeona kitu.
Nikachukua kijiko chenye mpini wa plastiki,
nikakigusisha ndani, chini kabisa,
nikakipeleka kwa elektroskopu:
jani la dhahabu likalala.
Nikakigusisha nje, ubavuni:
jani likainuka kama sikio la mbuzi.

"Tena," akasema Omboga wa dawati la nyuma,
asiyeamini hata tarehe ya ubaoni.
Tena. Ndani, kimya. Nje, sikio.

Nikawaambia: chaji za ishara moja hazivumiliani.
Zikipewa chuma zitembee, zitatembea,
kila moja ikizikimbia nyingine zote
mpaka ukingo uziambie basi.
Ndani hapabaki uga wa umeme.
"Uga kama ule wa mpira?"
Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa nimeuona.
Shamba la baba kule Nyamache, ekari moja na robo,
wana saba wa damu moja,
kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa kuwapo kwake tu,
hadi nyumba zote zikasimama mpakani,
migongo ndani, milango nje.
Kona ya chini, shamba linapochongoka kuelekea mto,
ndiko tulikobanana watatu,
na ndiko cheche ziliporukia kwa jirani:
panga, kesi, barua ya chifu.
Katikati, uga wa mama.
Umefagiliwa. Hapana sauti.
Wapitao husema: boma lile lina amani.

Hilo sikuliandika ubaoni. Niliandika:
*Katika utulivu, uga ndani ya kipitishi ni sifuri;
juu ya uso wake, husimama wima.*
Maana ukiinama hata kidogo chaji zitateleza tena,
na huo haujawa utulivu.

Saa nane radi ikaanza kusogeza samani zake juu ya vilima.
Bonareri akafunga madirisha.
Omboga alikuwa amebaki, mkono ndani ya debe
kama atafutaye sarafu.
"Mwalimu, hiyo sifuri.
Ni kwamba hakuna anayesukuma,
au wote wanasukuma?"

Nikachukua muda kupangusa ubao.
Wote, nikamwambia.
Kutoka kila upande, hadi zinafutana.

Jioni nikampigia mama simu.
Hajambo, akasema.
Huku kumetulia.