Kabla ya Kukata

Sadala Bitama ananionyesha kiwanja Kibirizi
kama muuza vitenge anavyotandaza jora:
upande wa rangi juu, upande wa nyuzi chini.
"Tazama ziwa, mama. Asubuhi unafungua dirisha,
milima ya Kongo ile pale, kama umeitundika mwenyewe."
Mimi natazama ukuta wa jirani.

Miaka ishirini na sita nimeshona pale Mwanga,
sare za shule, magauni ya kipaimara,
suti za mabwana harusi waliokonda kabla ya siku.
Kitambaa kikishakatwa hakirudi jorani.
Ndiyo maana futi yangu iko shingoni
hata leo Jumapili, na viatu vya kanisani.

Ukutani kuna mstari,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
umenyooka kuliko pindo langu lolote.
"Huu nani kauchora?"
Sadala anasema, watoto.
Napima: inchi thelathini na moja kutoka chini.
Watoto gani hawa, wachorao kwa usawa mmoja
nyumba tatu mfululizo?

Mtoto mwenyewe namkuta uani, anasugua sufuria.
Anaitwa Mwavita.
"Maji yalikufika wapi?"
Anagusa kiuno. Kisha anacheka, anashusha mkono pajani:
"Hapana. Siku zile nilikuwa mfupi."
Nampigia hesabu kama ya sare ya mtoto anayekua,
naliachia pindo miaka mitatu.
"Mlilala wapi?"
"Kwa shangazi. Mbuzi alibaki, akalala juu ya meza."
"Kwa muda gani?"
"Mpaka mama akajifungua."

"Ziwa limerudi zake," anasema Sadala.
Limerudi, sawa.
Mgeni aliyekwisha kuijua njia
mara ya pili hapigi hodi.
Na yale matete nyuma ya choo
hayajaambiwa kwamba maji yameondoka.

Tukapanda mlimani.
Kadiri tulivyopanda, bei ilishuka,
nikajua kuna neno.
Michikichi miwili imepiga goti shinani
kisha ikanyooka, kama mtu aliyeteleza
akajifanya alikuwa anacheza.
Ardhi inatembea hapa, taratibu, usiku, pekupeku.
Nikamuuliza mponda kokoto,
"Kabla ya mvua zile, njia ilipita wapi?"
"Hapo," akasema,
akaonyesha hewa juu ya korongo.

Machi nikarudi mtaani kwa miguu, peke yangu,
mvua ikipiga mabati kama cherehani iliyokosa breki.
Sikumwambia Sadala.
Kiwanja kiko Gungu, hakioni ziwa,
kinaona mgongo wa ghala na choo cha watu.
Nikasimama katikati yake na mwavuli
mpaka soksi zikalowa.
Maji yalikuja, yakapita mtaroni, yakaenda.
Hayakuuliza habari, hayakuomba kiti.

Septemba nikarudi tena, kwenye vumbi.
Wanawake wa hapo wanapanga ndoo saa tisa usiku,
bomba linakohoa, linatema kutu.
Nilikaa juu ya ndoo ya mtu, nikafikiri.
Hakuna kiwanja kisicho na kovu mjini hapa.
Nikachagua shida ninayoweza kuibeba kichwani.

Nusu kiwanja tu, fedha iliishia hapo.
Msingi nimeuinua kuliko alivyotaka fundi,
na tangi litakuja, Mungu akipenda, kabla ya paa la jiko.

Sadala alikuja jioni kuchukua chake cha udalali.
Alihesabu, akakunja noti, hakuondoka.
Akatazama shingo yangu.
"Ile futi, mama. Unaweza kuniazima?
Nakaa na bibi yangu kule Kibirizi,
nyumba ya nne kutoka kwa Mwavita."

Aliirudisha asubuhi, hakusema neno.
Kwenye inchi ya arobaini
ametia alama ya kalamu,
nyekundu, mara mbili.