Kilemba cha Gunia

Isyonje, saa mbili asubuhi. Ukungu umeingia darasani
kama mwanafunzi mchelewaji, hauna hata udhuru.
Niliandika ubaoni: Gunia moja la viazi lina kilo mia moja.
Mkulima ameuza magunia tisa. Tafuta.

Hawakutafuta.
Tusekile Mwasambili, dawati la tatu,
sweta limefumuka kiwikoni, alinyoosha mkono:
"Mwalimu, gunia la wapi hilo?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakohoa.
Maana huku kwetu gunia huvikwa kilemba,
huongezewa la pili juu, kamba zikalia,
vijana wawili wakalishindilia kwa magoti,
na bei ni ile ile, ya gunia moja.
Lumbesa.
Neno tulilolijua kabla ya kujua kuzidisha.

Jumatano nikaazima mzani wa chama cha ushirika;
baiskeli yangu ilibaki stoo, dhamana.
Tukapima gunia la mama yake Tusekile.
Mshale ukapita mia, ukapita mia na ishirini,
ukatetemeka, ukasimama: mia arobaini na tatu.
Arobaini na tatu za bure, watoto. Mara tisa.
Kilo mia tatu themanini na saba
zimepanda lori bila kuulizwa jina.

"Zidisheni kwa bei ya kilo," nikasema,
"kisha gawanyeni kwa jozi za viatu."
Kimya. Kalamu tu.
Ambakisye, ambaye hesabu humpa usingizi,
alimaliza wa kwanza.
Alikuwa amevaa kandambili.

Jumamosi mnunuzi akaja. Tusekile akamsomea daftari,
sauti nyembamba, tarakimu zote.
Mnunuzi akacheka, naye akamvika kilemba, cha ukoka:
"Binti ana akili huyu! Mhasibu mtupu!"
Kisha akawasha lori. "Kwa jirani hawahesabu."

Mama akauza. Deni la mbolea halina subira.
Ila noti alizihesabu mara mbili,
na usiku, moshi wa jikoni ukiwa umetulia, akauliza:
"Ile arobaini na tatu, uliiandika wapi? Nioneshe."

Watoto sikuwaambia fungu langu.
Kwamba kadi yangu ya benki haimo mfukoni mwangu,
imo Uyole, kwenye droo ya mkopeshaji,
pamoja na namba zake nne za siri.
Nilikopa laki tatu, za msiba.
Nimelipa laki saba,
na deni bado limekaa mkao wa kula.
Kausha damu: hiyo nayo haimo kitabuni.

Jumatatu nitaiandika ubaoni.
Laki tatu. Asilimia thelathini kila mwezi.
Mkopaji: mwalimu fulani. Tafuta.
Kisha nitakwenda kukaa nyuma, karibu na dirisha,
niwasikie wakinikokotoa,
nimngoje Tusekile anyooshe mkono.